Mwadui na Maganzo: maswali tunayoulizwa kila mara

Mtu akijua kwetu ni Maganzo, swali la kwanza huwa almasi, na la pili huwa kama nimewahi kuishika mkononi. Yanayofuata hufanana mno, nikaona heri niyajibu yote mahali pamoja. Kwenye maisha ya watu nimejiachia kidogo. Kwenye hisa na mikataba nimefupisha.

Mwadui ni mji, mgodi au kijiji?

Ni vyote, ndiyo maana wageni huchanganyikiwa. Mwadui ipo wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, katikati ya Usukuma. Ukitoka Shinyanga mjini na basi la Mwanza, baada ya nusu saa hivi unafika Maganzo, mji mdogo uliokaa barabarani. Ukiiacha barabara kuu kuelekea mgodini, mbele yako unalikuta geti. Ndani ya geti ndiyo Mwadui: mgodi wa almasi wa Williamson, kota za wafanyakazi, hospitali, shule, nyumba za ibada, uwanja wa mpira na hata uwanja wa ndege. Nje ni Maganzo na vijiji vinavyouzunguka mgodi.

Kwa hiyo mtu akisema anatoka Mwadui, muulize: ndani au nje? Watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, wakitenganishwa na uzio tu, wanaweza kuwa na utoto usiofanana hata kidogo. Utaona majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye geti hilo. Sijaona namna ya kuisimulia Mwadui bila hilo.

Ni kweli almasi ya kwanza iliokotwa chini ya mbuyu?

Ndivyo inavyosimuliwa, na kila msimulizi ana mbuyu wake. Wengine huongeza gari lililokwama kwenye tope la masika. Lenye uhakika ni kwamba mwanajiolojia kutoka Kanada, Dk. John Williamson, aliupata mwamba wenye almasi tarehe 6 Machi 1940, baada ya miaka ya kuzunguka huku akiwa hana fedha. Kabla ya hapo alikuwa Mabuki, upande wa Mwanza, ambako almasi zilikuwa zimekwisha kupatikana.

Alichokikuta Mwadui kilikuwa kikubwa kuliko ndoto zake. Ni nguzo ya mwamba uitwao kimbalaiti, uliopanda kutoka chini sana ya ardhi ukiwa umebeba almasi. Juu ya ardhi nguzo hiyo ina upana wa hekta 146, yaani zaidi ya ekari 360. Ni miongoni mwa nguzo kubwa kabisa za almasi zilizowahi kuchimbwa duniani.

Neno "aligundua" huwa linanikwama kidogo. Ardhi hii ilikuwa na wenyewe, waliolima mtama na kuchunga ng'ombe juu ya mwamba huohuo. Alichokuwa nacho Williamson ni elimu ya kulitambua jiwe, na haki ya kulichimba chini ya sheria za mkoloni. Mfugaji wa Kisukuma hakuwa na kimojawapo.

Williamson alikuwa mtu wa namna gani?

Alizaliwa Quebec mwaka 1907, akasomea jiolojia Chuo Kikuu cha McGill hadi shahada ya uzamivu. Hakuoa. Alipoipata Mwadui alikuwa na mwamba lakini hana mtaji, na hapo ndipo anapoingia mtu ambaye simulizi nyingi humpita haraka: I. C. Chopra, wakili wa Mwanza mwenye asili ya India, aliyemsaidia kwa fedha na sheria akawa mshirika wake. Kampuni ya Williamson Diamonds ilianzishwa mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. De Beers, waliokuwa wameshika biashara ya almasi ya dunia nzima, walivutana naye miaka mingi kuhusu kuuza mawe kupitia kwao.

Alifariki Januari 1958, akiwa na miaka 50.

Wazee wa ndani humsifu kwa hospitali, shule na nyumba za kudumu. Sifa hizo ni za haki. Ila ilikuwa Tanganyika ya mkoloni: Mzungu, Mwasia na Mwafrika kila mmoja alikuwa na ngazi yake, na ya Mwafrika ilikuwa ya chini. Naona ni sawa kumkumbuka kwa yote mawili.

Je, almasi ya Malkia wa Uingereza ilitoka hapa kweli?

Ndiyo. Oktoba 1947 lilipatikana Mwadui jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, na Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi yake mwaka uleule. Lilikatwa London mwaka 1948 likabaki karati 23.6. Mwaka 1953 masonara wa Cartier walilitia katikati ya bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, yenye umbo la ua. Elizabeth alilivaa miaka mingi akiwa Malkia, hata kwenye harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981.

Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hiyo jiwe hilo kabla ya kukatwa lilikuwa na uzito unaokaribia gramu 11. Huwa nawaambia watoto wa shule walitafute pichani, wajue kwamba kitu kile kilitoka kwenye udongo wanaoukanyaga.

Mgodi ni wa nani sasa?

Kwa kifupi: baada ya Williamson kufariki, mwaka 1958 De Beers na serikali ya Tanganyika waliununua nusu kwa nusu. Katika miaka ya 1970, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilishika usukani. Uzalishaji ukashuka sana, mitambo ikachoka. Mwaka 1994 De Beers walirudi wakiwa na asilimia 75, serikali ikabaki na 25. Mwaka 2009 kampuni ya madini ya Petra Diamonds ikachukua nafasi ya De Beers. Mkataba wa Desemba 2021 uliweka msingi wa kupandisha hisa za serikali hadi asilimia 37, na mwaka 2025 Petra nayo ikauza sehemu yake.

Katikati ya hayo kuna Septemba 2017, ambapo shehena ya karati 71,654.45 ilizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kwa madai kwamba thamani yake ilitajwa chini ya uhalisia. Kwetu habari ile haikuwa ya siasa tu. Mgodi ukiyumba, mama anayeuza chakula Maganzo anajua kabla gazeti halijafika. Aprili 2020, wakati wa korona, uchimbaji ulisimama kabisa, na haukuanza tena hadi mwaka uliofuata.

Maisha ya ndani ya geti yalikuwaje?

Yalikuwa ya kupangwa. Mgodi ulikupa kazi, na kazi ikakupa nyumba. Mtoto alizaliwa hospitali ya mgodi, akasoma shule ya mgodi, akacheza mpira kwenye uwanja wa mgodi. Umeme na maji ya bomba vilikuwepo miaka ambayo vijiji vya jirani vilisoma kwa kibatari na kuchota maji kwenye mabwawa.

Wafanyakazi walitoka kila pembe ya nchi: Wasukuma wenyeji, Wahaya, Wanyamwezi, Wachaga, Wanyakyusa, Wakurya. Kota moja ingeweza kuwa na makabila kumi. Kiswahili kikawa lugha ya uani, na watoto wengi wa ndani walikua hawajui Kisukuma zaidi ya salamu ya "mwangaluka" ya asubuhi. Ukikutana na wazee wa ndani utawatambua kwa jambo hilo: Kiswahili chao hakikuonyeshi kwao ni wapi.

Lakini kila kitu kilitegemea ajira. Aliyestaafu, aliyeachishwa, au mjane ambaye mumewe ndiye alikuwa mfanyakazi, alitakiwa kuiachia nyumba. Watu waliishi miaka 30 mahali ambapo, wakifa na kuzikwa, kaya yao haikuwa na haki ya kubaki. Wengi walihamia Maganzo, mita chache nje ya uzio, wakaanza kujenga wakiwa na umri wa kujenga umekwisha. Nimewaona wazee hao wakikaa jioni barazani wakiangalia taa za ndani. Nikiulizwa kwa nini watu wa Mwadui hawapendi kusimulia mwisho wa utumishi wao, nadhani ni hilo.

Jambo jingine ni upekuzi. Penye almasi, kila anayetoka anashukiwa, awe mhandisi au mfagizi. Watu walizoea. Sidhani kuna anayependa kuzoea kitu kama hicho.

Na nje, Maganzo?

Maganzo hakuna aliyeichora kwenye karatasi. Ilikua yenyewe, kwa sababu penye mshahara panakuja muuza chai, fundi cherehani, fundi baiskeli, nyumba ya wageni, na dalali. Siku ya mshahara wa mgodi ilikuwa sikukuu yetu pia, ingawa hakuna kati yetu aliyesaini daftari la malipo.

Nyuma ya maduka, maisha yalibaki ya Kisukuma. Kishapu ni kukavu. Mvua ikichelewa, mahindi hayana subira, kwa hiyo watu hupanda mtama, dengu, choroko na pamba. Viazi vitamu vikizidi hukatwa vikaanikwa kuwa michembe, au huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikaitwa matobolwa. Ukipita mwezi wa saba utaviona vimetandazwa juu ya miamba. Ni akiba ya njaa, lakini matobolwa ya kuchemsha na karanga ningeyala hata bila njaa.

Kulima nako ni kwa umoja. Kikundi huenda shamba kwa shamba na ngoma yake, majembe yanapanda na kushuka kwa mpigo mmoja: ndiyo bugobogobo. Baada ya mavuno huja mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, pande mbili zinazoshindana tangu zamani, ambapo mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Vijana wa ndani ya geti walikuwa wakitoroka kuja kutazama. Huo ndio wakati ambao uzio haukuwa na nguvu.

Tangu miaka ya 1980 kuna pia sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanzia huku Usukuma na Unyamwezini kukabiliana na wizi wa ng'ombe. Mwano, yaani yowe la hatari, ukilia, kila mwanamume anatoka.

Wabeshi ni nani?

Ni watu wanaoingia eneo la mgodi bila ruhusa, mara nyingi usiku, kutafuta almasi kwenye mchanga na mabaki. Wengi ni vijana wa vijiji vya jirani. Mchana utamkuta mbeshi analima au anaendesha bodaboda.

Kwa nini wanaingia? Wengine watakujibu tamaa. Mimi nasema uchukue ukame wa misimu miwili mfululizo, uongeze simulizi ya jirani aliyeokota jiwe akajenga nyumba ya bati, uweke na ardhi ambayo babu aliichunga na leo imezungushiwa uzio. Kwa sheria ni kosa, na silipambi. Lakini adhabu ya kosa ni ya mahakama, na wapo walioadhibiwa palepale gizani.

Hili si la kunong'onezana. Mei 2021 Petra Diamonds ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 yaliyopelekwa kwenye mahakama ya Uingereza, kuhusu vitendo vya walinzi wa mgodi na polisi. Haikukubali kuwajibika kisheria, lakini ilikiri kwamba yalitokea matukio yaliyoleta vifo, majeraha na unyanyasaji wa waliokuwa wakichimba bila ruhusa. Baadaye ukawekwa utaratibu huru wa kusikiliza malalamiko ya wanakijiji. Kuna familia huku ambazo kijana wao alitoka usiku na koleo na hakurudi. Ukija, usiwaulize wabeshi kana kwamba ni vituko vya kusisimua. Inawezekana unayemuuliza ni mama wa mmoja wao.

Almasi inatenganishwaje na mawe ya kawaida?

Uanze na kiasi. Mwamba wa Mwadui hutoa takriban karati 6 kwa kila tani 100, yaani gramu moja na kitu. Piga picha ya malori kumi ya tani kumi kumi, na ndani yake almasi unazoweza kuziweka kwenye kifuniko cha soda.

Mgodini, mwamba huchimbwa wazi kutoka juu, ukapondwa na kuoshwa, kisha ukapitishwa kwenye kimiminika kizito ambamo mawe mepesi huelea na mazito, almasi zikiwemo, huzama. Yaliyozama humulikwa kwa eksirei, kwa kuwa almasi hung'aa ikipigwa na mionzi hiyo, mtambo ukaichopoa. Njia ya zamani ni grisi: almasi haishiki maji, kwa hiyo inanasa kwenye grisi wakati mawe yaliyolowa yanateleza na kupita.

Mchimbaji mdogo wa Maganzo anatumia kanuni ileile kwa mikono. Anachimba hadi kwenye changarawe, anaiosha kwenye chekeche ndani ya maji huku akiizungusha na kuitikisa, mazito yakajikusanya katikati. Kisha anaipindua chekeche chini kwa mkupuo mmoja na kuinama kutazama katikati ya duara. Wanawake wengi hufanya kazi hii, migongo imeinama tangu asubuhi. Nimeshuhudia ule ukimya wa sekunde chache baada ya chekeche kupinduliwa. Hakuna anayevuta pumzi.

Nini kilitokea mwaka 2022?

Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka. Bwawa hilo ndimo hutunzwa mabaki ya mwamba uliokwisha kusagwa na kuoshwa. Tope lilimwagika kuelekea vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze, likafunika mashamba, malisho na vyanzo vya maji, na kuharibu nyumba. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Watu walihamishwa, fidia zikaanza kufanyiwa tathmini, mgodi ukasimama hadi mwaka uliofuata. Ila tope lina shida yake: likikauka linaacha tabaka gumu jeupe juu ya udongo. Nyumba unaweza kuijenga upya kwa miezi, lakini shamba lililokuwa na rutuba ya miaka haliponi kwa hundi. Ng'ombe nao hawajui mipaka ya tathmini.

Ile timu ya Mwadui iliishia wapi?

Mwadui FC ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2015/16 chini ya kocha Jamhuri Kihwelo, "Julio", na ikashuka mwaka 2021. Katikati ya hapo Oktoba 2019 iliifunga Simba bao 1-0 uwanja wa Kambarage, Shinyanga. Siku ile hapakuwa na ndani wala nje. Wa kota na wa Maganzo walikumbatiana barabarani, na nilimwona mlinzi akipiga picha na vijana ambao siku nyingine angewafukuza.

Nimeokota jiwe linalong'aa shambani. Nifanye nini?

Usilipige nyundo. Watu husema almasi haivunjiki, si kweli. Ni ngumu kukwaruza, lakini hupasuka ikigongwa. Usimwonyeshe kila mtu, na usiuze gizani kwa dalali asiye na leseni. Peleka ofisi ya madini au kwenye mojawapo ya masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini mwaka 2019, lipimwe na kuthaminiwa mbele yako. Serikali hukata mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ukitaka kuchimba, unahitaji leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hutolewa kwa Watanzania.

Mara nyingi itakuwa ni kwazi tu. Ila ni bora uambiwe na kipimo kuliko na mtu anayetaka kulinunua.

Almasi zitaisha lini?

Mgodi umechimbwa kwa zaidi ya miaka 80 na, kwa kuwa nguzo ya mwamba ni pana mno, shimo lake bado si la kina ukilinganisha na migodi mingine ya aina yake. Kinachoweza kuufunga mapema si kuisha kwa mawe bali bei: almasi ikishuka duniani, gramu moja kwenye tani 100 haitoshi kulipa mafuta ya mitambo. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu wa Maganzo washike ufundi ambao hautegemei king'ora cha mtu mwingine, na wasiache pamba.

Naweza kuja kutembea?

Karibu sana. Mgodini huingii bila kibali, na usijaribu njia za panya hata ukiambiwa ni salama. Lakini Maganzo haina geti. Shuka stendi, salimia wakubwa kwanza, na wakikusalimia kwa "mwangaluka" nawe itikia "mwangaluka". Ukija mwezi wa saba uliza ngoma inachezwa kijiji gani wiki hiyo. Muuza chai yeyote atakujibu, na pengine atafunga kibanda aende nawe.